Gharama ulizolipa kabla ya kufungua duka: jinsi ya kuzidai katika ritani ya kodi nchini Kenya

Mnamo Februari 2025 nililetewa mfuko wa karatasi na dada mmoja aliyekuwa amefungua duka dogo la uchapishaji na fotokopi karibu na chuo, mtaa wa Tudor, Mombasa. Ndani ya mfuko mlikuwa na risiti za mkono, ankara zilizokunjwa mara nne, na daftari ambalo aliandika kila shilingi iliyotoka kuanzia Oktoba 2024. Duka lenyewe lilifunguliwa tarehe 2 Januari 2025. Swali lake lilikuwa moja: "Kaka, hizi zote nilizilipa kabla sijauza hata karatasi moja. Basi zimekwenda na maji?"

Hazikwenda na maji. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, inasema katika kifungu cha 15 kwamba gharama iliyotumika kabla ya biashara kuanza, ikiwa ni ya aina ambayo ingekubaliwa kama ingetumika baada ya kuanza, huhesabiwa kuwa imetumika siku ile biashara ilipoanza. Wafanyabiashara wengi wadogo niliowatunzia hesabu hawakuwa wamewahi kusikia jambo hili, na kila mwaka wanalipa kodi ambayo hawakustahili kuilipa. Yafuatayo ni mambo niliyoyafanya na dada huyu, kwa utaratibu ule ule tulioufuata.

Hatua ya 1: Amua utatozwa kodi kwa njia ipi

Uamuzi huu hutangulia yote, kwa sababu unaweza kuzifanya hatua zote zinazofuata zisiwe na faida. Mfanyabiashara ambaye mauzo yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni 1 na hayakuzidi milioni 25 huangukia kwenye kodi ya mauzo, maarufu kama TOT, ambayo tangu Julai 2023 ni 3% ya mauzo yote na hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Kodi hii haitazami faida. Hakuna gharama inayoondolewa, wala ile ya kabla ya kufungua, wala kodi ya pango, wala kompyuta. Sheria hata hivyo inamruhusu mtu kumwandikia Kamishna kwamba hataki kuwa chini ya TOT, naye akatozwa kwa faida kama walipa kodi wengine.

Watu wengi hushauriwa kubaki kwenye TOT kwa kuwa ni rahisi. Kwa duka jipya lililotumia fedha nyingi kuanza, mimi napinga ushauri huo waziwazi, na hesabu ya duka hili inaonyesha sababu. Dada huyu alitarajia mauzo ya shilingi 1,400,000 kwa mwaka wa kwanza na matumizi ya kawaida ya 1,080,000, yaani faida ya 320,000. Chini ya TOT angelipa 3% ya 1,400,000, ambayo ni shilingi 42,000. Kwa njia ya faida, tukiondoa gharama za kabla ya kufungua 82,000 na makato ya vifaa 81,000, ambayo yote nimeyafafanua katika Hatua ya 3, linabaki pato la 157,000. Kodi yake kwa kiwango cha kwanza cha 10% ni 15,700, na kwa kuwa hana ajira nyingine inayotumia nafuu yake ya kibinafsi (punguzo linaloondolewa kwenye kodi yenyewe) ya shilingi 28,800 kwa mwaka, hana cha kulipa. Mtu mwenye mshahara ambaye nafuu yake imekwisha kutumika kwenye PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, atapata jibu tofauti, na ni lazima apige hesabu yake mwenyewe kabla ya kuandika barua kwa Kamishna.

Hatua ya 2: Weka wazi siku ya kuanza

Biashara huanza siku unapokuwa tayari kuhudumia wateja na ukaanza kufanya hivyo. Siku uliyosajili jina la biashara au kulipia leseni ya kaunti siyo inayohesabiwa. Hifadhi uthibitisho wa siku hiyo, kama vile ankara ya kwanza uliyomtolea mteja. Gharama za Oktoba hadi Desemba 2024 zote zilihamia tarehe 2 Januari 2025, kwa hiyo zikaingia katika ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwaka wa mapato 2025. Kwa mwaka 2024 hakuwa na pato lolote, akawasilisha ritani tupu. Usijaribu kuziweka gharama hizo kwenye ritani ya mwaka ambao biashara haikuwepo.

Hatua ya 3: Gawanya karatasi zako kwa mafungu

Tuliumwaga mfuko mezani tukaanza kutenga. Kwa kila karatasi nilimwuliza swali moja: kama ungelilipa jambo hili mwezi wa Juni, duka likiwa wazi, lingekuwa gharama ya kawaida ya kuendesha duka? Likiwa ndivyo, basi linaingia fungu la kwanza. Humo tuliweka kodi ya pango ya Novemba na Desemba, shilingi 50,000. Vipeperushi vya kutangaza duka, 8,000. Intaneti ya miezi miwili, 9,000. Na malipo ya kijana aliyefundishwa kutumia mashine kabla ya kufungua, 15,000. Jumla ni 82,000. Ada za wakili na ushuru wa stempu kwa ajili ya mkataba wa kupanga usiozidi miaka 99 nazo zinakubaliwa, ingawa yeye hakuwa nazo.

Fungu la pili ni vifaa vya kudumu. Hivi havidaiwi kwa mara moja, bali hukatwa kidogo kidogo kila mwaka kwa viwango vya Jedwali la Pili la Sheria hiyo. Kompyuta na mashine za fotokopi ni 25% kwa mwaka, samani ni 10%. Kompyuta zake tatu na mashine moja ya fotokopi ziligharimu 300,000, kwa hiyo makato ni 75,000 kwa mwaka. Meza, viti na rafu za 60,000 zinampa 6,000. Ukiwa na vitabu vya hesabu vinavyoonyesha uchakavu uliokadiria mwenyewe, urudishe kwenye faida kwanza, kisha uondoe makato haya ya kisheria, kwa maana uchakavu wa vitabuni hautambuliwi na Mamlaka ya Ushuru.

Karatasi na kalamu za kuuza ni bidhaa, na gharama yake huingia kadiri zinavyouzwa. Zilizobaki rafuni tarehe 31 Desemba huhesabiwa na kuondolewa kwenye gharama. Dipoziti ya pango itakayorudishwa siyo gharama hata kidogo, ni mali yako iliyo mikononi mwa mwingine. Gudwili (fedha za kununua nafasi yenye wateja) aliyolipwa mpangaji aliyehama na ada za kuunda kampuni kwa kawaida ni za mtaji, usizichanganye na fungu la kwanza. Nauli za kwenda harusini hazina mahali popote hapa, hata kama ulimwona mteja hukohuko.

Hatua ya 4: Hakikisha kila gharama ina ankara ya eTIMS yenye PIN yako

Hapa ndipo watu huumia. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS, mfumo wa ankara wa Mamlaka ya Ushuru, haikubaliwi kuondolewa kwenye faida, hata kama fedha zilitoka kweli na ujumbe wa M-Pesa upo kwenye simu. Haitoshi pia kwamba muuzaji yuko kwenye eTIMS: mnunuzi anayekusudia kudai gharama ni lazima PIN yake, yaani namba yake ya mlipa kodi, iandikwe kwenye ankara. Mwishoni mwa 2024 nilikesha siku tatu na mteja mwenye mkahawa, tukipitia ankara ambazo zote zilikuwa halali, zina msimbo wa kuskani, zina namba, lakini sehemu ya mnunuzi ilikuwa tupu. Alikuwa amelipa kaunta kama mtu yeyote anayepita. Tangu siku hiyo kila anayenijia kabla ya kufungua biashara namwambia aiandike PIN yake kwenye kadi ndogo na kuiweka pochini pamoja na kitambulisho, aitoe kabla ya kulipa.

Ankara ikiwa imekwisha kutolewa bila PIN, haihaririwi. Muuzaji hutoa hati ya kufuta ile ya kwanza, kisha hutoa ankara mpya yenye PIN. Maduka makubwa hufanya hivyo ukienda na ankara ya asili mapema. Baada ya miezi mingi utaambiwa hesabu za mwezi ule zimefungwa. Kwa hiyo tulianza na zile za karibuni. Ankara mpya zilibeba tarehe ya Februari 2025, jambo ambalo halikutusumbua kwa kuwa gharama zenyewe zilihesabiwa katika mwaka wa 2025, lakini tuliambatisha risiti ya zamani na ujumbe wa malipo nyuma ya kila moja ili ionekane fedha zilitoka lini.

Mwenye nyumba ndiye aliyetuchukua muda mrefu kuliko wote. Alikuwa ametoa risiti mbili za kitabu, zenye sahihi na muhuri, akaamini amemaliza. Tulimkuta barazani asubuhi. "Shikamoo mzee," dada alimwamkia, akamweleza shida yake. Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu, lakini hiyo eTIMS ni ya matajiri, mimi kibanda changu ni kimoja." Sikubishana naye. Nilimwonyesha kwamba asiyesajiliwa kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anaweza kujisajili na kutoa ankara kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *222#, bila kununua mashine yoyote. Alibonyeza mwenyewe, polepole, miwani ikiwa puani, akaingiza PIN ya dada tarakimu baada ya tarakimu, na ankara ya shilingi 50,000 ikatoka. Tulitumia karibu saa mbili, lakini bila saa hizo sehemu kubwa kabisa ya fungu la kwanza ingepotea.

Angalia pia mambo haya. Mishahara haihitaji ankara ya eTIMS, wala ada za benki, riba, wala bidhaa ulizoagiza mwenyewe kutoka nje ya nchi, ambazo zina hati za forodha. Malipo ya yule kijana tuliyathibitisha kwa karatasi aliyotia sahihi. Tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inataka mnunuzi ndiye atoe ankara anaponunua kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka, kwa hiyo ukimlipa fundi mdogo usimwachie yeye kazi hiyo. Na kila ankara uliyopewa, ihakiki kwa namba yake kwenye iTax, tovuti ya Mamlaka ya Ushuru, siku hiyohiyo. Nimewahi kuona ankara nzuri ya kupendeza, imechapishwa kwa rangi, ambayo haikuwepo kwenye mfumo kabisa. Hili limekuwa zito zaidi kwa ritani za mwaka 2025, kwa kuwa mapato na gharama unazotangaza sasa hulinganishwa na kumbukumbu za eTIMS.

Kuhusu vifaa vya kutunzia kumbukumbu, mimi bado napendelea daftari kubwa la mistari na faili moja la Excel kuliko programu za hesabu za kulipia kila mwezi. Duka lenye ankara thelathini halihitaji zaidi. Lakini namba ya till ya duka, ile ya kupokelea malipo ya M-Pesa, isiwe ile unayonunulia mboga.

Hatua ya 5: Jaza ritani

Pakua fomu ya Excel kutoka iTax. Kabla ya kuifungua, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia, nenda kwenye sifa zake, na uondoe kizuizi ambacho Windows huweka kwa mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Usipofanya hivyo makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya fomu, hazitafanya kazi, na kitufe cha kuhakiki hakitakujibu. Katika ukurasa wa kwanza kubali kwamba una mapato mengine yasiyo ya ajira, ndipo kurasa za biashara zitakapofunguka. Lile fungu la kwanza tuligawa kila gharama kwenye mstari wake wa kawaida, pango kwenye pango na matangazo kwenye matangazo, badala ya kuandika jumla ya 82,000 chini ya "gharama nyinginezo", ambako huvuta maswali. Mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 30 Juni. Mfuko wake wa karatasi, sasa ukiwa ndani ya faili lenye vigawanyo, tulikubaliana autunze kwa miaka mitano kama sheria inavyotaka, na nakala za picha aziweke mahali pengine, kwa sababu wino wa risiti za mashine hufutika kwa joto la Mombasa kabla hata mwaka haujaisha.