Kuku Wanapokoroma Usiku: Namna ya Kushughulikia Mafua Katika Banda la Nyumbani

Katika mkoa wa Dodoma, malalamiko ya kuku wenye mafua huongezeka wakati wa kiangazi, usiku unapokuwa na baridi na upepo unapopeperusha vumbi mchana kutwa. Wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kabla ya kuwatazama kuku wenyewe. Ni vyema kwanza kuingia bandani usiku kuku wakiwa wametulia, kusikiliza ni wangapi wanaokoroma, kisha kuwakagua asubuhi mmoja mmoja macho, pua na kinyesi.

Kuku yeyote mwenye dalili atengwe siku hiyo hiyo, awe na chombo chake cha maji, kwa kuwa makamasi yanayodondoka katika maji ya pamoja hueneza ugonjwa haraka. Wazima wahudumiwe kwanza na wagonjwa mwisho.

Dalili hutofautiana, na tofauti hizo ndizo zinazoamua hatua inayofuata. Uso uliovimba, macho yaliyogandamana na makamasi yenye harufu mbaya huashiria mafua makali, ambayo husababishwa na bakteria. Kukoroma kunakoendelea kwa wiki kadhaa, kuku wakikonda na kupunguza utagaji bila vifo vingi, mara nyingi ni mafua sugu. Lakini ukiona kuku wanahema kwa shida, wanaharisha kijani, shingo zinapinda na wanakufa wengi kwa siku chache, fikiria mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo husababishwa na virusi na hauna tiba. Mfugaji anayenunua antibayotiki kwa ajili yake anatupa fedha. Vifo vya ghafla vya kuku wengi vitolewe taarifa kwa afisa mifugo wa kata bila kusubiri, na mizoga ifukiwe kwa kina au ichomwe, isitupwe korongoni wala kulishwa mbwa.

Kwa mafua ya bakteria, antibayotiki kama oksitetrasaiklini au tailosini inaweza kusaidia ikiwa afisa mifugo ameielekeza. Dozi ikamilishwe hata kuku wakionekana kupona, na mayai na nyama visiliwe wala kuuzwa hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Shubiri na pilipili, ambazo karibu kila jirani atakushauri uziloweke, hazichukui nafasi ya dawa hiyo.

Banda lenyewe lisisahauliwe. Ukiinama usawa wa kuku na macho yako yakawasha, hewa kali inayotoka kwenye kinyesi chao imekwisha kudhuru mapafu yao: ondoa maranda yaliyolowa na ongeza madirisha ya wavu sehemu ya juu. Kwa kuwa upepo mwingi wa Dodoma hutoka mashariki, banda refu lielekezwe mashariki–magharibi, ukuta mfupi wa mashariki ukiwa umezibwa.

Kinga ya mdondo ni chanjo ya I-2 inayostahimili joto, tone 1 katika jicho moja la kila kuku asiye mgonjwa, vifaranga wakiwemo, ikirudiwa kila baada ya miezi 3 na ikitangulia kiangazi. Kuku aliyenunuliwa mnadani, hata akiwa mchangamfu, akae peke yake kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wengine, na aliyepona mafua makali asiuzwe kama mbegu, kwa sababu anaweza kuendelea kubeba vimelea bila kuonesha dalili yoyote.