Jinsi ya Kumweleza Daktari Historia ya Mapafu ya Ukoo Wako Ukiwa na Baridi Yabisi
Kabla ya kwenda kliniki mjini Kisumu, waulize wazee wa kuumeni na kukeni kama kuna jamaa aliyekuwa na kikohozi kikavu kwa miezi mingi, au aliyeishiwa pumzi akipanda kilima cha Riat, kisha uandike umri wake daftarini. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba badiliko katika jeni ya MUC5B, inayohusika na ute wa njia za hewa, huongeza hatari ya mapafu kupata makovu kwa wenye baridi yabisi. Lakini badiliko hilo ni nadra kwa watu wenye asili ya Afrika, hivyo mimi nisingekimbilia kulipia kipimo cha jeni. Taja sigara ulizovuta, na umwombe daktari asikilize mgongo upande wa chini, ambako makovu husikika kama mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa.