Kabla ya kuhamisha kifurushi, tangaza kwamba umekishika

Wenzangu mnaojitolea kuhamishia programu kwenye mfumo mwingine wa uendeshaji, kabla hamjagusa msimbo andikeni hadharani nani ameshika kifurushi gani, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa. Inauma sana watu wawili wakikesha wiki nzima juu ya kitu kimoja, kisha kazi ya mmoja itupwe. Debian, mradi wa mfumo wa uendeshaji wa Linux, wana utaratibu mzuri: unafungua taarifa ya ITP (Intent to Package, yaani nia ya kufungasha programu) yenye jina la programu, leseni na maelezo mafupi, na kila mtu anaiona.

Ila wekeni na ukomo wa muda wa kushika kifurushi. Anayejitolea ana kazi, ana watoto, anaugua. Kifurushi kisikwame kwa sababu watu wanaona haya kumuuliza. Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine wa uendeshaji, msimamizi wa kifurushi huandikwa katika mstari wa MAINTAINER ndani ya Makefile (faili la maelekezo ya kujenga programu), na asipojibu kwa wiki 2, mwingine mwenye ruhusa anaweza kuingiza marekebisho.

Mkigawana kazi, anzeni na maktaba, yaani msimbo wa pamoja, zinazotegemewa na programu nyingi. Na viraka vyenu, yaani marekebisho mliyofanya kwenye msimbo, vipelekeni kwa waandishi wa programu yenyewe, la sivyo kila toleo jipya likitoka mtavishona upya.