Somo: Fundi umeme katika nchi ngeni, uanze na lipi

Ndugu mafundi, somo hili ni la wanaohama wakiwa na kazi yao mkononi. Ujuzi wako utafika salama, lakini ugenini hakuna atakayeuamini mpaka uwe na karatasi, na uwe umezijua kanuni za huko.

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi kabla ya kuondoka. Vyeti, orodha ya masomo uliyosoma, na barua za waajiri. Barua ya "alifanya kazi vizuri" haikusaidii. Inayofaa inataja tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi kwa wiki, na kazi zenyewe: kufunga bodi, kuvuta nyaya kwenye mabomba, kuunga mota za fezi tatu (nyaya tatu zenye umeme), kupima. Majimbo mengi ya Marekani hudai saa 8,000 za kazi kabla ya kukuruhusu kufanya mtihani wa leseni, na barua ndiyo itakayokuhesabia. Ukishaondoka, kumpata bosi aliyefunga kampuni yake ni shida kubwa.

Hatua ya 2: Jua nani anatoa leseni. Usiulize nchi tu, uliza na jimbo. Marekani haina leseni moja ya taifa. Kanada kila jimbo lina utaratibu wake, ila cheti cha Red Seal kinatambulika kote. Ujerumani, sheria iliyoanza 2012 inakupa haki ya kuomba cheti chako kilinganishwe na cha kwao, na wakiona pengo watakueleza ni lipi. Wakala anayekuuzia leseni bila mtihani, achana naye.

Hatua ya 3: Soma kanuni upya, kama mwanafunzi. Hapa ndipo mafundi wazoefu wanapoumia, kwa sababu mkono unakwenda kwa mazoea. Chukua waya mweusi. Marekani ni waya wa moto, yaani wenye umeme, na nyutro, waya wa kurudisha umeme, ni mweupe. Uingereza, kwenye nyumba za zamani, mweusi ni nyutro. Rangi zilibadilishwa kuanzia 2004: sasa moto ni kahawia, nyutro ni bluu, na mweusi umekuwa mojawapo ya fezi kwenye fezi tatu. Bluu nayo zamani ilikuwa fezi! Unaweza kufungua bodi moja ukakuta rangi za zamani na mpya pamoja. Rangi ikupe dokezo tu, jibu litoke kwenye testa.

Uingereza utakutana pia na saketi ya soketi iliyozunguka na kurudi kwenye breka ileile ya ampea 32, na ndiyo maana plagi zao zina fyuzi ndani. Marekani soketi za kawaida ni volti 120, hivyo mzigo uleule, yaani kifaa kilekile kinachotumia umeme, unavuta ampea nyingi zaidi kuliko Uingereza, na hesabu yako ya unene wa waya inabadilika. Kitabu cha kanuni za umeme cha Uingereza ni BS 7671, cha Marekani ni NEC, kinachopitiwa upya kila miaka mitatu. Nunua toleo linalotumika sasa.

Hatua ya 4: Ingia kama msaidizi, ila uwe na mpango. Si aibu. Omba kazi za kupima na kujaza fomu za majaribio, maana huko anayejua kupima na kuandika ndiye anayekabidhiwa kazi. Weka daftari la saa zako, na msimamizi awe anasaini humo.

Maswali ya wanachama

Swali: Fundi, mimi nilifundishwa na mjomba, sina cheti. Nimekwisha?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Uingereza ina njia ya mafundi wazoefu, unakusanya ushahidi wa kazi zako kisha unafanya mtihani wa vitendo uitwao AM2E. Piga picha za kazi zako kabla ukuta haujapigwa plasta.

Swali: Shikamoo mwalimu. Msimamizi ananitaka nibadilishe breka bodi ikiwa na moto. Mimi mgeni, naogopa kufukuzwa.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiguse. Zima, piga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Jaribu testa kwenye umeme unaojua upo, ndipo upime unapofanyia kazi: fezi na nyutro, fezi na ethi (waya wa ardhini), nyutro na ethi. Kisha irudishe testa kwenye ule umeme wa kwanza, uhakikishe haikufa katikati. Uingereza, kanuni za umeme kazini za 1989 zinakataza kazi kwenye umeme hai isipokuwa kuna sababu ya msingi, na kuogopa kuwakatia wateja umeme kidogo si sababu. Mwambie kwa heshima, na umtumie kwa maandishi.

Swali: Lugha yao bado inanisumbua. Nisubiri?

Jibu: Usisubiri. Anza na majina ya vifaa na maneno ya usalama: zima, washa, usiguse, kuna moto. Hayo uyajue kabla ya siku ya kwanza saiti.