Somo: Kuingia shindano lako la kwanza la drifti na gari lililotoka gereji juzi

Somo hili ni kwa mwanachama ambaye gari lake limetoka kwa fundi hivi karibuni, difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya nyuma) imekwisha kuchomelewa ili yazunguke pamoja, au kubadilishwa, shokapu mpya zimefungwa, usukani umeongezewa pembe ili magurudumu ya mbele yageuke zaidi, na sasa anataka kujiandikisha katika shindano la drifti, yaani kutelezesha gari kwa pembe kwa makusudi, la madereva wa ridhaa. Mfano nitakaoutumia ni Toyota Altezza RS200, yenye injini ya 3S-GE ya lita 2.0, nguvu ya farasi 210 na giaboksi ya mkono ya gia sita. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 1998, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mafundi wetu wa Afrika Mashariki wanalifahamu vizuri. Mwenye Toyota Mark II au Chaser anaweza kufuata hatua hizihizi.

Tukubaliane mapema kwamba katika shindano hili la kwanza anayetahiniwa zaidi ni gari. Dereva anayefika na gari ambalo halijawahi kutelezeshwa hata mara moja tangu lifungwe vifaa vipya, hata awe hodari namna gani, atashinda siku nzima chini ya boneti huku wenzake wakiwa uwanjani.

Hatua ya kwanza: kagua kila kilichoguswa

Hapa ndipo ninapowaomba mtumie muda mwingi kuliko popote. Gari linapoteleza kwa pembe, kila bushi, kila bojointi na kila nati hupokea mzigo wa ubavuni ambao safari ya kawaida hailetei. Kwa hiyo chukua spana ya kupimia mkazo na upitie nati zote zilizofunguliwa gereji, ukianza na za magurudumu, ambazo kwa Toyota nyingi za saluni hukazwa kwa Newtonmita 103. Kila unayoikaza ichore mstari wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Baada ya mazoezi, mstari uliokatika utakuonyesha nati iliyolegea bila hata kushika spana.

Kisha inua mbele ya gari, liweke juu ya stendi imara, na umwombe mwenzako azungushe usukani polepole hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto. Wewe tazama mpira wa mafuta ya breki. Ikiwa unavutika ukanyooka kama uzi, au unagusa rimu, gari hilo halijawa tayari, hata kama mwenye gereji amekuhakikishia vinginevyo. Tazama pia iwapo tairi linagusa chasisi au plastiki ya ndani ya bodi, halafu rudia ukaguzi huo gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake, kwa sababu mkao wa shokapu ukibadilika nafasi nazo hubadilika.

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ifanywe mwisho, baada ya urefu wa shokapu kuamuliwa. Kwa kuanzia, magurudumu ya mbele yainamishwe kwa ndani upande wa juu nyuzi 3 hivi, na ya nyuma yakaribie kusimama wima ili tairi lote likanyage lami.

Hatua ya pili: joto

Gari la drifti hukimbia kwa mwendo mdogo huku injini ikizunguka kwa kasi kubwa, na mara nyingi pua yake haielekei upande linakoenda, hivyo upepo hauingii kwenye rejeta inavyopaswa. Safisha rejeta, hakikisha feni zinawaka kwa wakati, na usiendeshe kwa kutegemea mshale wa dashibodi peke yake, kwa kuwa katika magari mengi mshale huo hutulia katikati hadi joto liwe limepita kiasi. Geji ya ziada yenye kuonyesha nyuzi halisi ni bora kuliko spoila yoyote utakayonunua.

Oili ya injini iwe kwenye alama ya juu, kwa sababu inasukumwa upande mmoja gari likiteleza. Petroli nayo isishuke chini ya robo tangi, la sivyo pampu itavuta hewa katikati ya kona. Mafuta ya breki yawe mapya na ya daraja la DOT 4, ambayo yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, ilhali kiwango cha chini kwa DOT 3 ni nyuzi 205. Mafuta ya usukani hupanda na kumwagika kwenye chupa yake yanapopata moto, na yakidondokea ekzosi huweza kuwaka, basi zungushia chupa hiyo kitambaa kinachonyonya na ukibadilishe kila kinapolowa.

Hatua ya tatu: mazoezi mahali palipofungwa

Barabara ya umma si mahali pa kujifunzia, iwe usiku wa manane au alfajiri. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa kuwa mtembea kwa miguu hana habari na mazoezi yako. Tafuta uwanja wa lami uliofungwa, kwa ruhusa ya mwenye eneo. Anza kwa kuzunguka koni moja, kisha namba nane kwa koni mbili, na mwisho unganisha kona ya kushoto na ya kulia bila gari kunyooka katikati. Fanya mizunguko michache, lipumzishe gari, fungua boneti, angalia mistari yako myeupe, ndipo uendelee. Ukitaka kubadilisha kitu, badilisha kimoja tu kwa wakati. Ukigusa presha, shokapu na alaimenti siku moja, hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Hatua ya nne: matairi

Mbele weka matairi mazuri yenye kushika, kwa kuwa ndiyo yanayokuongoza. Nyuma, kwa injini ya nguvu ya kiasi kama hii, matairi membamba na ya bei nafuu yanatosha, mradi yasiwe na mpasuko wala uvimbe. Ongeza presha ya nyuma ili yateleze kwa urahisi, lakini usivuke kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na ukumbuke kwamba presha hupanda lami inapoyachoma. Beba ya akiba yaliyokwisha kufungwa kwenye rimu.

Hatua ya tano: ukaguzi na siku yenyewe

Soma kanuni za mwandaaji kabla ya kulipa ada. Helmeti yenye nembo ya SA ya Snell, shirika linalopima usalama wa helmeti, ndiyo ya magari, na kitambaa chake hupimwa kwa moto. Ile ya M ni ya pikipiki. Betri ifungwe kwa chuma, na mtungi wa kuzimia moto uwe mahali ambapo mkono wako unafika ukiwa umefunga mkanda.

Tembea uwanjani kwa miguu pamoja na madereva wengine. Waamuzi kwa kawaida hutazama mstari ulioufuata, pembe ya gari na mtindo, kwa hiyo mzunguko wa kasi ya wastani usiokatika hupata alama zaidi kuliko wa kasi kubwa ulioishia kwa gari kugeuka nyuma mbele.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mwanza: Mwalimu, difu ya kuchomelea inafaa, au nisubiri hadi nipate ya kufungia, ile inayojifunga yenyewe inapohitajika?*

Ndugu yangu, inafaa kwa kuanzia na gharama yake ni ndogo, ila kazi ya kuchomelea ifanywe na fundi anayejua kupenyeza moto hadi ndani, kwa sababu difu inayopasuka huweza kufunga magurudumu ya nyuma ghafla. Kama gari hilohilo ndilo la kwendea kazini, subiri: difu iliyochomelewa hula matairi katika kila kona ya mjini na huzitesa ekseli.

*Mwanachama wa Nakuru: Altezza yangu ni AS200 yenye injini ya 1G-FE, giaboksi ya otomatiki. Naweza kushiriki?*

Ukiruhusiwa na kanuni, unaweza. Utakosa klachi ya kuamshia mtelezo, hivyo utategemea breki ya mkono na kuyumbisha uzito wa gari kabla ya kona. Zima mfumo wa kuzuia kuteleza kama gari lako linao, na uipe giaboksi muda wa kupoa kati ya mizunguko, kwa kuwa mafuta yake hupata moto upesi.

*Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu. Nikifuzu kuingia duru ya magari mawili mawili, nifanyeje ikiwa sijawahi kumfuata mtu?*

Marahaba. Mwambie mwandaaji na mpinzani wako mapema, hakuna aibu hata kidogo. Unapotangulia, endesha mstari uleule ulioufanya ukiwa peke yako, wala usipunguze mwendo mahali asipotarajia. Unapofuata, acha nafasi ya gari zima, na macho yako yatazame anakoelekea mwenzako badala ya taa zake za nyuma. Akipoteza gari, nyoosha lako na utoke kwenye upande ulio wazi mliokubaliana wakati wa kutembea uwanjani.