Somo: Dawa za kisukari kwa mzee aliyelazwa wodini

Mzee mwenye kisukari akilazwa, jamaa huhofia sukari kupanda. Miaka niliyofanya kazi ya uuguzi hapa Tanga imenifundisha kuogopa zaidi sukari kushuka, kwa sababu inaweza kumuua mgonjwa au kumharibu ubongo katika saa chache, na kwa mzee huja kimyakimya.

Hatua ya kwanza ni kumkabidhi muuguzi wa zamu dawa zote za nyumbani, zikiwemo za miti shamba. Nimewahi kukuta vidonge chini ya mto: mgonjwa alikuwa akivimeza kama alivyozoea, huku wodi ikimchoma insulini, na hakuna aliyejua kwamba anapata dozi mbili.

Hatua ya pili ni kuuliza hali ya figo. Figo za mzee huchoka, na dawa ambayo ingetoka mwilini kwa siku moja hubaki ikiendelea kushusha sukari. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ndiyo ninayoihofia kuliko zote. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini figo zikiwa dhaifu sana, au mgonjwa akiwa anatapika na kukaukiwa maji, daktari huisimamisha.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoomba muishike kuliko zote: dawa ifuate chakula. Katika hospitali zetu chakula cha mgonjwa mara nyingi hutoka nyumbani, wakati dawa hugawiwa kwa saa ya wodi. Katika wodi moja, mzee mmoja alimeza glibenklamidi saa moja asubuhi, na uji ulikuwa unakuja na binti yake kutoka Ngamiani, ambaye alikosa usafiri akafika saa nne. Alimkuta shati limelowa jasho shingoni, anamwita mkewe aliyekwisha kufariki, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisema ni uzee. Mashine ya kupimia sukari ilisoma 2.4 (kipimo ni milimoli kwa lita, kama namba zote za sukari katika somo hili). Basi mjulisheni muuguzi, kabla ya dawa, iwapo chakula hakijafika, iwapo mgonjwa amekula vijiko viwili akaacha, au iwapo ameambiwa afunge kwa ajili ya upasuaji, ili daktari apunguze dozi au aisimamishe.

Hatua ya nne ni kuitambua hali yenyewe. Mzee anaweza asitetemeke wala asilalamike njaa. Atachanganyikiwa, atakuwa mkali bila sababu, atasinzia au ataanguka akielekea chooni. Ombeni apimwe papo hapo. Ikiwa chini ya 3.9 na anameza vizuri, apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15, kisha ale. Aliyezimia asitiwe kitu chochote mdomoni, kwa kuwa kitaingia kwenye mapafu. Huyo hupewa glukosi kwa mshipa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Makorora: Shikamoo mwalimu. Bibi yangu ana miaka 78, sukari yake wodini ni 9.5 na hawamwongezei dawa. Je, wamempuuza?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hawajampuuza. Kwa wagonjwa wengi waliolazwa lengo ni kati ya 7.8 na 10, na kwa mzee dhaifu daktari anaweza kuridhika na zaidi ya hapo. Kuilazimisha ifike 5 ndiko kunakoleta hatari.

Mwanachama wa Muheza: Baba anatumia atenololi kwa ajili ya presha. Kuna lolote la kuangalia?

Jibu: Lipo, ndugu yangu. Dawa hiyo huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, hivyo mtazame jasho na mwenendo wa akili. Vilevile, akiandikiwa septrini au siprofloksasini, ambazo ni dawa za kuua bakteria, wakati anatumia vidonge vya jamii ya glibenklamidi, mkumbusheni daktari, kwa kuwa zikikutana sukari inaweza kushuka mno.

Mwanachama wa Chumbageni: Shikamoo mwalimu. Mama alishuka sukari kwa glibenklamidi, akapewa glukosi akazinduka, na sasa anazungumza vizuri. Tunaweza kumrudisha nyumbani jioni hii?

Jibu: Marahaba. Msimwondoe. Glukosi huisha mapema kuliko kidonge, na sukari inaweza kushuka tena usiku wa manane akiwa usingizini. Akae wodini angalau saa 24, apimwe kila baada ya saa chache, usiku ukiwemo, na kabla ya kuruhusiwa mwulizeni daktari ni dawa gani itachukua nafasi ya ile. Vidonge vilivyobaki nyumbani virudisheni kwa mfamasia, asije akavimeza tena kwa mazoea.