Mshubiri kwenye nyumba yenye mbwa: mambo ya kuzingatia kabla

Mshubiri (Aloe vera) una sifa ya dawa, na sifa hiyo ndiyo inayowaponza wafugaji. Mtu anajipaka ute wake kwenye ngozi iliyoungua jua, anaupaka kichwani, kisha anaona mmea wa namna hii hauwezi kumdhuru mbwa. Unaweza. Ni sumu kwa mbwa, ingawa si ya kuua kirahisi, na kabla hujauweka sebuleni inafaa ujue sumu yenyewe iko wapi.

Ukikata jani utaona mambo mawili. Katikati kuna ule ute mwangavu, ambao hauna shida kubwa. Lakini chini tu ya ganda la kijani hutiririka utomvu wa manjano, na humo ndimo mlimo aloini, kemikali yenye sumu. Ikifika kwenye utumbo mpana, bakteria huivunja, na kinachotokana nayo huuchokoza utumbo na kuujaza maji. Mbwa anahara. Binadamu nao walikuwa wakiutumia utomvu huo kulainisha choo, mpaka mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipoufuta kwenye dawa za namna hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari. Jani lina saponini pia, na hizo humtapisha. Wanaosema ute ni salama hawakosei, ila mbwa hamenyi jani: analitafuna pamoja na ganda lake.

Unapokwenda kununua, usiridhike na jina la mtaani. Uliza jina la kisayansi. Kuna mimea midogo ya jenasi Haworthia inayofanana mno na mshubiri, yenye majani manene ya kuchongoka, na haina sumu kwa mbwa; aliyependa umbo la mshubiri tu atosheke nayo. Kufanana kwa mimea kunaweza pia kukuingiza kwenye hatari kubwa zaidi. Cycas revoluta huuzwa kama mtende mdogo wa mapambo, wakati si mtende kabisa. Sehemu zake zote zina saikasini, inayoharibu ini, na mbegu ndizo mbaya kuliko vyote: moja au mbili zinaweza kumuua mbwa. Mtende halisi wa ndani kama Dypsis lutescens haumdhuru. Mimi mshubiri naweza kuuvumilia kwenye nyumba yenye mbwa, lakini Cycas hapana, hata juu ya kabati.

Dieffenbachia, Monstera na Epipremnum, mimea mingine ya mapambo ya ndani, ziko kati ya hapo. Zina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye ncha kama sindano, zinazochoma ulimi na fizi mara tu jani linapotafunwa. Mbwa hutokwa na mate mengi na kujikuna mdomo kwa miguu. Kwa kuwa maumivu huja papo hapo, wengi huacha kabla hawajameza kingi.

Halafu mtazame mbwa mwenyewe. Mzee anayelala kutwa ni habari nyingine. Mtoto wa mbwa anayebadilisha meno hutafuna chochote, na uchungu wa shubiri, unaojulikana kwa wote, si lazima umzuie. Mbwa anayeachwa peke yake saa nyingi naye hutafuna kwa kuchoka. Kwa hao weka mmea kwenye chumba kinachofungwa, au uninginize juu. Meza ndogo haisaidii, kwani mbwa akiipiga kumbo chungu huanguka na majani yote yako sakafuni.

Angalia na udongo. Mbolea ya unga wa mifupa au damu humvuta mbwa kwa harufu, naye anaweza kuchimba chungu kizima kwa ajili hiyo, huku mmea wenyewe hausogelei. Dawa ya konokono yenye metaldehaidi ni hatari kuliko mshubiri kwa mbali. Isikae kabisa anapofika.

Mwisho, namba ya daktari wa wanyama iwe kwenye simu mapema, pamoja na picha ya mmea na uzito wa mbwa, maana hayo ndiyo atakayouliza kwanza. Ukimkuta ametafuna, mtoe vipande vilivyobaki mdomoni, mpe maji, kadiria amekula kiasi gani, kisha piga simu. Usimtapishe kwa hiari yako, na hasa usimnyweshe maji ya chumvi: chumvi nyingi inaweza kumuua pale ambapo jani lisingemuua. Baada ya mshubiri tazamia kutapika, kuhara na kulegea. Mkojo unaweza pia kubadilika na kuwa mwekundu. Mweleze daktari kwamba alikula mshubiri, asije akatafuta chanzo kingine.